Mkwawa

Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga (takriban 1855 – 19 Julai 1898), anayejulikana zaidi kama Mtwa Mkwawa au Chifu Mkwawa, alikuwa mtawala wa Wahehe katika eneo la Iringa, Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Anakumbukwa hasa kwa kupinga ukoloni wa Kijerumani.

Maisha ya awali

Alizaliwa Luhota karibu na Iringa. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha koo za Wahehe chini ya utawala mmoja. Alipofariki mwaka 1879 ulizuka ugomvi wa urithi, na hatimaye Mkwawa akashika madaraka. Makao yake makuu yalikuwa Kalenga, aliyoizungushia ngome ya mawe.

Wahehe walipigana pia na majirani zao. Wasangu wa mtemi Merere walisukumwa kutoka Usangu hadi Utengule, karibu na Mbeya ya leo.

Vita dhidi ya Wajerumani

Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walivizia kikosi cha Kijerumani huko Lugalo. Wakitumia hasa mikuki, walimwua kamanda Emil von Zelewski pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, wakateka bunduki na mizinga.

Wajerumani walirudi chini ya gavana Friedrich von Schele na kuiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alitoroka, akaendelea na vita vya msituni kwa miaka karibu minne. Wajerumani waliahidi zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemkamata. Merere alishirikiana nao, kwa kuwa kwa Wasangu adui wa kwanza alikuwa Mkwawa.

Kifo na fuvu

Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani walimkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles (1919) kiliitaka Ujerumani ilirudishe. Jambo hilo halikutekelezwa hadi gavana Mwingereza Edward Twining alipochagua fuvu moja katika makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu za Mkwawa. Alimkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huko Kalenga mwaka 1954. Baadhi ya wataalamu wana shaka kama ndilo lenyewe.

Kumbukumbu

Mkwawa anakumbukwa mahali patatu katika mkoa wa Iringa:

* Lugalo: mnara uliojengwa na Wajerumani kwa heshima ya Zelewski na wenzake. Kwa waliousimamisha ulikuwa alama ya maombolezo. Kwa Wahehe, na baadaye kwa Watanzania wengi, mnara uleule unaonyesha mahali pa ushindi wa Mkwawa.
* Mlambalasi: kaburi la kiwiliwili chake.
* Kalenga: makumbusho yanayotunza fuvu.

Katika nchi ya Wasangu, mkoani Mbeya, historia ya vita hivyo husimuliwa kutoka upande wa Merere, na humo Mkwawa ni mvamizi kabla ya kuwa shujaa.

Baada ya uhuru taifa lilichukua mtazamo wa Wahehe: kambi ya jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam ina jina la uwanja wa vita wa mwaka 1891.