Gregory: Karani wa sufu aliyesoma milia ya mawe kutoka Mombasa

JOHN Walter Gregory aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15. Alizaliwa London mwaka wa 1864, na kazi aliyopata ni ukarani katika biashara ya sufu. Mchana alikuwa ofisini. Jioni alikimbilia masomo ya usiku katika chuo cha Birkbeck. Huko jiolojia, yaani elimu ya miamba, ikamteka kabisa. Kufikia 1887 alikuwa ameajiriwa katika makumbusho ya historia asilia jijini humo.

Mwishoni mwa 1892 alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa, lakini msafara wenyewe ukasambaratika. Mwingine angepanda meli arudi kwao. Gregory aliingia Mombasa, akaajiri watu wapatao 40, na Machi 1893 akashika njia ya bara kwa miguu.

Njia hiyo waijua, kwani basi la Nairobi hupita papo hapo. Anza nyumbani. Likoni na Kisauni zimekalia matumbawe ya kale. Ponda kipande, kidondoshee siki, utaona povu. Changamwe, chini ya udongo, kuna mwamba laini wa tope lililoganda baharini zama za dinosaria. Mazeras na Mariakani ni jiwe la mchanga. Ukishapita Taru ukikaribia Voi, mawe yanabadilika: mlia mweupe, mlia mweusi, mlia wa waridi. Hilo ndilo jiwe linaloitwa naisi.

Utalijuaje? Jiwe la mchanga pia huwa na mistari, kwa hivyo usikurupuke. Angalia chembe. Za mchanga ni vijipunje vilivyogandishwa pamoja, na mara nyingi ukikwaruza vinabanduka. Za naisi zimeshikana kama meno ya zipu. Hazitoki kwa ukucha. Milia myeupe ni kwatzi na feldispari. Myeusi aghalabu ni ulanga mweusi, ule unaometameta juani. Na ukipiga nyundo, naisi haichaniki kirahisi kama kurasa za daftari. Ikichanika hivyo, huenda ni ndugu yake, skisti.

Milia hiyo haikuwekwa tabaka juu ya tabaka na maji. Mwamba wa awali, uwe granaiti au tope, ulizikwa kilomita nyingi ardhini, kwenye joto la nyuzi 600 na zaidi, ukibanwa na mabara yaliyokuwa yakigongana. Haukuyeyuka wote, ila madini yake yalijipanga upya: vipande bapa vya ulanga vikalala upande mmoja, meupe yakajitenga na meusi. Fikiria unga wa chapati wenye madoa ya rangi mbili. Ukiusukuma na kuuvuta, madoa yanarefuka na kuwa mistari. Baadaye mvua na mito ilikula kilichokuwa juu kwa mamilioni ya miaka, na mwamba ukatokeza.

Gregory aliifuata sakafu hiyo ya kale hadi Ukambani, kisha akakutana na mawe ya volkano. Mbele zaidi, kuelekea Baringo, alieleza kwamba bonde kubwa lile halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka pande mbili, kipande cha kati kikazama. Akaliita Bonde Kuu la Ufa. Akapanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu, na baada ya miezi mitano hivi alikuwa amerudi Mombasa. Mizigo yake yote ilibebwa na wapagazi. Leo sehemu ya bonde hilo nchini Kenya yaitwa kwa jina la Gregory. Majina yao hayako kwenye ramani.

Umri wa milia hakuujua. Mbinu za kuupima zilikuja baadaye, na sasa inajulikana kwamba mgongano ulioipika ulitokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Katika miamba hiyohiyo ya Taita Taveta ndimo mnamochimbwa tsavoraiti, kito cha kijani cha bei ghali. Anayejua kusoma milia ana pa kuanzia kuchimba. Asiyejua atachimba mashimo bure.

Gregory alikuja kuwa profesa Melbourne, kisha Glasgow. Alizama Juni 1932 katika mto Urubamba nchini Peru, mashua ilipopinduka. Alikuwa na miaka 68, na bado alikuwa safarini akitafuta mawe.