Arthur Ashe: bingwa wa tenisi aliyefundishwa kutokasirika

Baada ya kipindi chetu cha michezo, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe akitaka kujua wacheza tenisi wanachoshwa na nini, maana yeye anawaona wanapiga kampira kadogo kisha wanakwenda kukaa kwenye kiti na kunywa maji. Tulicheka hapa studio, lakini swali lake ni la haki. Tumeona tumjibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja, Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1993.

Kwanza mchezo wenyewe. Uwanja wa tenisi una urefu wa karibu mita 24, na wavu umekatiza katikati. Hakuna dakika 90 wala refa wa kupuliza filimbi ya mwisho. Katika mashindano makubwa wanaume hucheza mpaka mmoja ashinde seti tatu, na kazi hiyo inaweza kuchukua saa moja na nusu au saa tano. Mchezaji anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anageuka, anainama, anaruka, halafu anaanza upya, mamia ya mara. Visigino, magoti, mgongo na bega ndivyo vinavyolipa. Tena hana mwenzake wa kumpasia mpira. Enzi za Ashe, kocha hakuruhusiwa hata kumpa mchezaji maelekezo kutoka jukwaani. Ukikosea umekosea peke yako, maelfu ya watu wanakutazama, na mpira mwingine unakuja baada ya sekunde chache.

Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mjini Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani, wakati ambapo watu weusi na weupe walitengwa kwa sheria. Baba yake alikuwa msimamizi wa bustani ya michezo ya watu weusi, na familia iliishi humo humo ndani. Viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Mama yake, Mattie, alimfundisha kusoma angali mdogo sana, kisha akafariki mwaka 1950, mtoto akiwa na miaka sita. Alikuwa mwembamba kama fito, na baba hakumruhusu kucheza mpira wa Kimarekani wa kugongana miili. Tenisi ikawa yake.

Alipofika miaka kumi alianza kupelekwa wakati wa likizo za kiangazi katika mji wa Lynchburg, kwa daktari mmoja mweusi aliyeitwa Robert Walter Johnson. Daktari huyu alikuwa na uwanja nyumbani kwake na alilea vijana weusi katika tenisi. Ndiye aliyemlea pia Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon. Watoto walipiga mipira kwa mpini wa fagio ili macho na mikono vizoeane. Ukiweza kuupiga mpira kwa mpini, raketi inakuwa kama ungo.

Lakini somo kubwa la Dakta Johnson lilikuwa la kichwa. Mtoto hakuruhusiwa kubishana na mwamuzi. Hakuruhusiwa kutupa raketi. Mpira wa mpinzani ukitoka nje kidogo tu, aucheze kama umeingia. Wakati wa kubadilishana upande, aokote mipira na kumkabidhi mpinzani kwa adabu. Leo tunaweza kuona huo ni unyonge. Johnson alikuwa na hesabu yake: mashindano ya weupe kule kusini yalikuwa yanatafuta kisingizio chochote cha kumfukuza mtoto mweusi, naye hakutaka wakipate. Kwa hiyo Ashe alijifunza kumeza hasira kama wengine wanavyojifunza kupiga mpira, kwa mazoezi ya kila siku, miaka na miaka.

Alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 1963 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya Marekani katika Kombe la Davis. Baadaye aliingia jeshini, na akiwa bado luteni alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968. Fainali ile dhidi ya Tom Okker wa Uholanzi ilikwenda seti zote tano. Seti ya kwanza pekee iliisha 14 kwa 12, kwa sababu wakati huo hakukuwa na njia fupi ya kuimaliza. Jumla walicheza gemu 65. Na kwa kuwa Ashe alihesabiwa mchezaji wa ridhaa, zawadi ya dola 14,000 ilikwenda kwa Okker aliyeshindwa. Bingwa aliondoka na posho yake ya dola 20 kwa siku. Hilo hutuuma sisi hata leo tukilisimulia.

Mwaka 1970 alishinda mashindano ya Australia. Lakini siku inayojibu vizuri zaidi swali la msikilizaji wetu ni tarehe 5 Julai 1975, fainali ya Wimbledon, Uingereza.

Mpinzani alikuwa Jimmy Connors, Mmarekani mwenzake, miaka 22, mchezaji nambari moja duniani, ambaye hakuwa amepoteza hata seti moja kuelekea fainali hiyo. Ashe alibakiza siku tano kutimiza miaka 32 na hakuwa amewahi kumshinda. Kulikuwa na ugomvi pia: Ashe alikuwa rais wa chama cha wachezaji, na Connors alikuwa amemfungulia kesi mahakamani akidai amechafuliwa jina. Ashe hakujibu kwa maneno. Aliingia uwanjani amevaa koti la timu ya taifa, timu ambayo Connors alikuwa akikataa kuichezea.

Siku zote Ashe alikuwa mpigaji wa nguvu. Siku hiyo aliiacha nguvu nyumbani. Yeye na rafiki zake walikuwa wamegundua kwamba Connors hula kasi ya mwenzake: ukimpiga kwa nguvu, anakurudishia kwa nguvu zaidi. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa bega, ukiufungua ghafla anaanguka ndani. Basi Ashe akapiga mipira laini, ya chini, inayokufa karibu na wavu, na mingine akaipandisha juu ikapita kichwani kwa Connors. Seti ya kwanza 6 kwa 1. Ya pili 6 kwa 1.

Kisha Connors akaamka, akachukua seti ya tatu 7 kwa 5. Hapa ndipo wengi huvunjika. Mtu aliyekaribia ushindi akiuona unaponyoka, mkono huanza kutetemeka, anarudi kwenye mazoea yake ya zamani. Ashe angeweza kurudia kupiga kwa nguvu. Hakurudia. Kila wakati wa mapumziko alikaa kitini, akafumba macho na kutulia kama mtu aliye msikitini au kanisani. Seti ya nne aliishinda 6 kwa 4. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Baadaye mwaka huo huo, mjini Stockholm, Ilie Nastase wa Romania alimchokoza na kumchelewesha kwa makusudi mpaka Ashe, akiwa anaongoza seti ya mwisho, akachukua vitu vyake na kutoka uwanjani. Waandalizi walihangaika, na mwisho ushindi akapewa yeye. Utulivu wake nao ulikuwa na kikomo.

Mwili ulianza kudai deni. Mwaka 1977 alifanyiwa upasuaji wa kisigino, na alipofunga ndoa na mpiga picha Jeanne Moutoussamy mwaka huo mguu ulikuwa bado kwenye plasta. Wengi walidhani amekwisha. Akarudi, na Januari 1979, akiwa na miaka 35, akabakiwa na pointi moja tu, mara mbili, kumshinda kijana John McEnroe katika fainali mjini New York. Zote mbili zikamponyoka.

Miezi sita baadaye alipata shambulio la moyo. Mwanamichezo mwembamba, mwenye mazoezi! Ugonjwa wa moyo ulikuwa katika familia, baba yake naye aliuugua, na mbio zote zile hazikumkinga. Desemba 1979 akafanyiwa upasuaji, na mwaka uliofuata akastaafu. Mwaka 1983 alipasuliwa moyo mara ya pili na kuongezewa damu. Damu hiyo ilikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati ambapo bado hakukuwa na kipimo cha kuipima. Yeye alikuja kujua mwaka 1988.

Alinyamaza ili kuilinda familia yake, hasa bintiye mdogo Camera. Aprili 1992, baada ya gazeti moja kuanza kuulizia, alijitokeza mwenyewe na kuueleza ulimwengu. Wale waliomwona siku hiyo waliona kitu kigeni: alipofika mahali pa kumtaja mtoto wake sauti ilikwama, na mkewe akamalizia kusoma.

Miezi iliyobaki aliitumia kuanzisha mfuko wa kupambana na Ukimwi, kuzungumza Umoja wa Mataifa, na Septemba 1992 kukamatwa na polisi nje ya Ikulu ya Marekani akitetea wakimbizi wa Haiti. Alifariki tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49, akazikwa Richmond, kando ya mama yake.