Zwicky, mgomvi aliyeitambua maada ya giza

WANASAYANSI wanaotafuta maada ya giza kwa darubini za miale ya gama wanamfuata mtu ambaye wenzake walimpuuza kwa takriban miaka 40.

Fritz Zwicky alizaliwa Varna, Bulgaria, Februari 14, 1898, baba yake akiwa Mswisi. Akiwa na umri wa miaka sita alipelekwa kwa babu na nyanya yake Glarus, Uswisi. Alisomea Zurich, na mwaka wa 1925 akahamia Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani.

Mnamo 1933 alichunguza kasi ya galaksi katika kundi liitwalo Coma, na hesabu ikakataa. Galaksi zilikwenda mbio mno hivi kwamba uvutano wa nyota zilizoonekana usingeweza kuzizuia. Kundi zima lingalikuwa limetawanyika zamani. Akahitimisha kwamba imo maada nyingine isiyotoa mwanga, tena nyingi kuliko ile inayoonekana. Kadirio lake lilipita kiasi, kwani umbali wa galaksi haukuwa umepimwa sawasawa, lakini hoja yenyewe ilisimama.

Kupuuzwa huko, kwa sehemu, alijitakia. Alikuwa mkali wa ulimi, na hata katika utangulizi wa orodha yake ya galaksi ya 1971 aliwashambulia wanaastronomia wenzake. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alikusanya vitabu kwa ajili ya maktaba zilizoharibiwa vitani Ulaya.

Novemba 1972 setilaiti ya SAS-2, iliyobeba darubini ya miale ya gama, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Haikutumwa kutafuta maada ya giza; wazo hilo lilikuja baadaye, kwamba chembe za maada hiyo zikigongana huenda zikaangamizana na kutoa miale ya gama. Zwicky alifariki Februari 8, 1974, Pasadena.

Darubini za H.E.S.S. nchini Namibia na setilaiti ya Fermi, iliyorushwa 2008, zimeutafuta mwale huo bila kupata ithibati. Mwaka wa 2009 takwimu za Fermi zilionyesha ziada ya miale katikati ya galaksi yetu. Baadhi ya wataalamu huihusisha na maada ya giza. Wengine husema inatoka kwa nyota za nutroni zinazozunguka kwa kasi, nyota ambazo kuwepo kwake kulibashiriwa mwaka wa 1934 na Walter Baade pamoja na Zwicky.