Charles Darwin, kijana aliyepita kwenye visiwa vya volkano

Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa lava ni kitu gani. Anajua yale mawe meusi yanayokata viatu, na anajua vile majani yanaanza kuota pole pole katikati yake miaka inapopita. Mbali sana na hapa, ndani ya bahari ya Pasifiki, kuna visiwa vilivyozaliwa na milima ya moto kama hiyo yetu. Vinaitwa Galápagos, na viko karibu kilometa 1000 kutoka inchi ya Ekuador, ile inayovitawala. Leo watalii wanazunguka kule kwa meli kuangalia wanyama. Lakini aliyevifanya vijulikane dunia nzima ni Charles Darwin, Mwingereza aliyefika kule mwaka wa 1835 akiwa na umri wa miaka 26.

Darwin alizaliwa tarehe 12 mwezi wa pili 1809, katika mji wa Shrewsbury. Baba yake alikuwa munganga mwenye uwezo. Mama alifariki wakati mtoto alikuwa na miaka 8 tu. Baba alimtuma Edinburgh kusomea unganga, lakini wakati ule wagonjwa walipasuliwa bila dawa ya usingizi, na kijana hakuweza kuvumilia kutazama. Kitu cha maana alichopata kule ni kufundishwa kukausha na kuhifadhi ndege. Mwalimu wake wa kazi hiyo alikuwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyetoka Guyana, ambaye zamani alikuwa mtumwa.

Baba akamhamisha Cambridge ili awe mchungaji wa kanisa. Hapo tena, Darwin alipenda kukusanya wadudu kuliko vitabu vyake. Alipomaliza, akapata nafasi ya kusafiri ndani ya Beagle, meli ya serikali iliyokuwa inapima pwani za Amerika ya Kusini. Baba akakataa, akiona ni kupoteza wakati. Ni mjomba wake, Josiah Wedgwood, aliyeongea na baba mpaka akakubali. Meli iliondoka tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 1831. Safari ilichukua karibu miaka mitano, na bahari ilimsumbua kwa kutapika mpaka mwisho. Kule Brazili aliona watumwa wakiteswa. Akauchukia utumwa zaidi, na hata akagombana na kapiteni wake, Robert FitzRoy, juu ya jambo hilo.

Galápagos walikaa wiki tano hivi, na Darwin akatembea kwenye visiwa vinne. Aliona mijusi mikubwa meusi inayoogelea na kula majani ya baharini. Akashika mmoja, akamtupa majini mara nyingi, na kila mara mjusi akarudi pale pale aliposimama yeye. Mwewe mmoja alimsukuma kwenye tawi kwa mdomo wa bunduki. Wanyama wa kule hawakuwa wamejifunza kumwogopa mtu, na uzuri huo ndio uliokuwa pia hatari yao.

Sababu mabaharia walikuwa na njaa. Kobe wakubwa wa visiwa vile wanaweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji, kwa hiyo meli ziliwapakia wakiwa hai, sawa ghala ya nyama. Hata Beagle ilibeba kobe makumi. Kwenye kisiwa cha Floreana, kiongozi mdogo wa serikali, Nicholas Lawson, alimwambia Darwin kwamba kwa kutazama gamba tu anaweza kujua kobe ametoka kisiwa gani. Darwin alisikia, lakini hakuona uzito wake siku ile. Njiani kobe wakaliwa, na magamba yakatupwa baharini. Ndege wadogo aliowakusanya nao, wengi hakuandika wametoka kisiwa gani.

Alirudi Uingereza mwezi wa kumi 1836. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa ndege John Gould akamwonyesha kwamba wale ndege wadogo ni aina nyingi za ukoo mmoja, kila moja na mdomo wake. Ikabidi Darwin aombe makusanyo ya wenzake wa melini, walioandika vizuri jina la kila kisiwa. Hapo ndipo maneno ya Lawson yakapata maana: viumbe vinaweza kubadilika kidogo kidogo, kufuatana na mahali vinapoishi.

Wazo hilo alilichunguza zaidi ya miaka 20, akiwa mgonjwa mara nyingi, nyumbani kwake katika kijiji cha Downe. Na mke wake Emma walizaa watoto kumi, na watatu walikufa wakiwa wadogo. Mwaka 1859 kitabu chake juu ya asili ya viumbe kikatoka. Kilileta mabishano makubwa makanisani na mashuleni, na mpaka leo hayajaisha. Mwaka 1871 akaandika kwamba huenda mababu wa watu wote waliishi Afrika, sababu ni kwetu wanaishi sokwe na gorila. Alifariki tarehe 19 mwezi wa ine 1882.

Kobe wa Floreana nao walimalizika miaka michache tu baada ya yeye kupita. Mwaka 1959 Ekuador ikafanya Galápagos kuwa mbuga ya taifa. Mwaka huo pia ilianzishwa fondasio yenye jina la Darwin, na prezida wake wa kwanza alikuwa Victor Van Straelen, Mbelgiji aliyesimamia miaka mingi mbuga za Kongo, pamoja na hii yetu ya Virunga. Kwenye kisiwa cha Española walikuwa wamebaki kobe 14 tu. Walichukuliwa, wakaongezewa dume mmoja kutoka Marekani, wakazalishwa. Watoto wao waliorudishwa kisiwani wamepita 1000. Siku hizi mtalii anashuka melini na kiongozi, anapita njia iliyowekwa alama, na haruhusiwi kumgusa mnyama.