Fadhili William: Mtaita aliyeipa dunia Malaika, na hadi leo watu wanauliza ngoma ni ya nani

Enda harusi yoyote hapa Voi, iwe ya hoteli ama ya hema na viti vya plastiki, lazima Malaika itapigwa. Wazee wanainuka, vijana wanatoa simu. Sasa uliza wasee wa meza yako hiyo ngoma ni ya nani. Mmoja atakuambia Miriam Makeba. Mwingine atasema Boney M. Wachache sana watakumbuka kuwa msee aliyeifanya ijulikane ni wa hapa hapa kwetu.

Anaitwa Fadhili William Mdawida. Hilo jina la mwisho, kwa Kidawida, ni Mtaita. Jamaa alizunguka amebeba kwao kwenye jina. Alizaliwa Taita Taveta mwaka wa 1938, na kabla hata Kenya ipate uhuru alikuwa tayari Nairobi na gitaa lake, akipiga na bendi ya Jambo Boys.

Baadaye akawa kwa Equator Sound Band, bendi ya studio ya mzungu anaitwa Charles Worrod. Hapo palikuwa na vichwa: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na yeye mwenyewe. Hawa ndio waliwachezesha wazazi wetu twisti miaka ya 60. Fadhili alikuwa na ngoma zingine pia, kama Taxi Driver, lakini Malaika ndiyo ilimtoa.

Na si ajabu. Ni stori ya kijana anapenda dem lakini hana doh ya mahari. Nani hapa hajapitia hiyo? Haina mbwembwe, inaenda polepole, halafu inakuchoma.

Kutoka hapo ngoma ikapaa. Mwaka wa 1965 Makeba na Harry Belafonte waliiweka kwa albamu yao, na mwaka uliofuata hiyo albamu ikabeba Grammy. Pete Seeger akaiimba. 1981 Boney M nao wakaja na yao. Baadaye Angélique Kidjo wa Benin pia akaifanya.

Lakini kuna noma. Fadhili ndiye anatambulika kama wa kwanza kuirekodi sokoni, ila kuitunga ni kesi nyingine. Adam Salim wa Tanzania alisema ni yake tangu miaka ya 40. Lucas Tututu wa Mombasa naye ametajwa. Grant Charo pia. Fadhili alishikilia ni yake, na jina lake ndilo liko kwa rekodi nyingi.

Yeye mwenyewe alihamia Marekani, akakaa miaka mingi, halafu akarudi nyumbani. Alifariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001, akiwa na miaka 62. Huo ubishi alituachia sisi.

Kwa hivyo wewe unayerekodi kwa studio ya chumba kimoja hapo Voi, ukimaliza ngoma andika jina lako, andika tarehe, andika mlikuwa na nani, halafu uisajili. Wimbo mzuri unaweza kufika mbali kukuliko, na huko hakuna mtu anajua wewe ni mtoto wa nani.

Na hiyo harusi ya Jumamosi, DJ akiiweka, waambie meza nzima: huyu alikuwa Mdawida.