Otto Lilienthal: Jamaa Aliyejiundia Mbawa, Akapaa Mara 2,000, Kisha Upepo Ukamgeuka

Ukiwa Kulamawe, Isiolo, saa saba mchana, jua limewaka hadi mawe yenyewe yanachoma, hebu inua macho. Kati ya Novemba na Machi unaweza kubahatika kuona korongo weupe wakizunguka juu bila kupiga mbawa hata mara moja. Hewa moto inayotoka chini ndiyo inawapandisha, wao wanatulia tu. Wengi wa hawa korongo ni wageni. Wametoroka baridi ya Ulaya, na wakirudi huko wanajenga viota juu ya mapaa ya watu.

Sasa, kuna kijana wa Ujerumani aliyekua akikodolea macho korongo wa aina hiyo hiyo. Anaitwa Otto Lilienthal, na kama umewahi kuwaza kujiundia ndege kwa boma, huyu ndiye babu yako.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 mji wa Anklam. Mbuyu alikuwa anauza vitambaa, biashara ikaanguka, na mwaka wa 1861 akafa. Mathe akabaki na watoto. Otto na brathe wake Gustav wakachonga mbawa za mbao, wakajifunga mikononi, wakatoka kuzijaribu usiku. Mbona usiku? Waliogopa kuchekwa na wasee wa mtaa. Na kusema ukweli, hizo mbawa hazikuwapeleka popote.

Hapa ndipo wengi hukosea stori yake. Wanadhani alikuwa chizi wa kurukaruka kutoka milimani. Zii! Otto alisomea uinjinia Berlin, akafungua kiwanda chake cha injini za mvuke, na doo ikaingia kwa sababu boila zake zilikuwa salama kuliko zile zilizokuwa zinalipukia watu. Mwaka wa 1890 akaanza kuwapa wafanyakazi wake robo ya faida. Mwajiri wako amewahi?

Na kabla ya kuruka, alipima. Miaka na miaka. Alitengeneza mtambo wa mkono unaozunguka, akafunga vipande vya mbawa, akarekodi kila umbo linabeba uzito gani. Akagundua bawa lililopinda kidogo, kama la korongo, linabeba vizuri kuliko ubao ulionyooka. Hayo yote akayaweka kwa kitabu mwaka wa 1889. Hakikuuza sana.

Ni mwaka wa 1891 tu, akiwa na miaka 43, ndipo aliporuka kwa mara ya kwanza, huko Derwitz, kama mita 25 hivi. Miaka miwili baadaye, kwenye vilima vya Rhinow, alikuwa anafika mita 250. Mwaka wa 1894 akajenga kilima chake mwenyewe Berlin, kimo cha mita 15, ili awe anaweza kuruka upepo ukitoka upande wowote. Glaida yake, yaani ndege isiyo na injini, ilikuwa ya fito za mti na kitambaa cha pamba, uzito kilo 20, mbawa zinakunjwa kama za popo. Aliiuza marki 500, na wasee wasiopungua tisa wakanunua.

Sasa tufike kwa noma yenyewe. Glaida hiyo haikuwa na usukani wa kushika. Otto alining'inia kwa mikono, akaielekeza kwa kurusha miguu na kiuno huku na huku, kama unavyoinamia kona ukiwa kwa nduthi. Mbawa zikiwa pana zinabeba zaidi, lakini mwili wako unashindwa kuzigeuza. Mbawa zikiwa fupi zinatii, lakini hazikubebi. Huwezi kugusa bawa ukapata kitu bure, na Otto alilijua hilo.

Mwaka wa 1895 akapunguza upana, akaweka bawa la pili juu ya la kwanza, na hiyo ikamruhusu kuruka kwenye upepo mkali zaidi. Mwaka huo huo akajaribu ukingo wa mbele unaojongea, ili pua isidondoke ghafla. Alikuwa ameshaona kudondoka kunafanana na nini. Mwaka wa 1894 glaida ilianguka naye na pua mbele, na kilichomwokoa ni tao la mti alilokuwa ameliweka mbele kama bampa. Tao lilivunjika vipande vipande. Yeye akainuka.

Tarehe 9 Agosti 1896 alikuwa kilima cha Gollenberg, karibu na Stölln, na glaida ile ya kawaida ya bawa moja. Upepo ukamsimamisha hewani. Pua ikapanda, bawa likaacha kubeba, na hata arushe miguu namna gani, alikuwa chini mno kuirudisha. Alianguka kutoka kama mita 15. Shingo ilivunjika. Wakampeleka Berlin, na kesho yake akadedi. Alikuwa na miaka 48, bibi yake Agnes na watoto wanne nyumbani.

Mmoja wa wateja wake, Percy Pilcher wa Uingereza, alikufa mwaka wa 1899 glaida yake ilipovunjika mkia hewani. Marekani nako, ndugu wawili waliokuwa wanauza baiskeli, Wilbur na Orville Wright, walisoma habari za kifo cha Otto na wakaanza kujiuliza: utaiongozaje ndege bila kutegemea kiuno? Jibu lao lilikuwa kupinda ncha za mbawa kwa waya, na waliijaribu kwanza kama tiara kabla ya mtu kupanda.

Kenya pia imeona vijana wakiunda ndege nyumbani kwa chuma na injini za gari. KCAA haitakuruhusu kupaa bila kibali, na ukiwauliza mafundi wa ndege, kitu cha kwanza watakachotaka kujua ni kama umegusa bawa.

Mwaka wa 2016, kituo cha Ujerumani cha utafiti wa anga, DLR, kiliunda upya glaida ya Otto na kuipuliza upepo ndani ya mtambo. Ilikuwa fiti. Ilijisawazisha yenyewe.