Capablanca: Mtoto Aliyejifunza Sataranji kwa Kutazama

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi sasa,

Katika toleo hili nimeona ni vema niwaletee maisha ya José Raúl Capablanca, bingwa wa sataranji kutoka Cuba. Nimecheza mchezo huu na watoto kwa miaka mingi, shuleni baada ya masomo na nyumbani baada ya chakula cha jioni, na maisha ya mtu huyu huwafaa wazazi na wanafunzi kwa pamoja.

Capablanca alizaliwa mjini Havana tarehe 19 Novemba, 1888. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Hispania, iliyoitawala Cuba wakati huo. Alipokuwa na umri wa miaka minne, alizoea kusimama kando ya meza akimtazama baba akicheza na rafiki yake. Siku moja baba alimpeleka farasi kutoka mraba mweupe hadi mraba mweupe mwingine, jambo lisiloruhusiwa, kwani kila arukapo, farasi hubadili rangi ya mraba. Mpinzani hakuona. Mtoto aliona, akacheka. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba baba alitaka kukasirika, kisha akakubali kucheza naye, akashindwa.

Hapo pana neno kwa wazazi. Mtoto anayemkosoa mkubwa mbele ya mgeni, wengi wetu tungemfukuza sebuleni. Baba huyu alimkalisha mezani. Adabu ni jambo jema, lakini haimkatazi mtoto kusema kwamba farasi amekwenda kombo. Sheria za ubao humfunga baba kama zinavyomfunga mwana.

Mwishoni mwa mwaka 1901, akiingia umri wa miaka 13, Capablanca alipambana na Juan Corzo, bingwa wa Cuba. Alishindwa michezo miwili ya mwanzo. Hakuondoka mezani, alijikaza mpaka akashinda pambano zima.

Mwaka 1906 aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uhandisi wa kemikali, lakini sataranji ilimvuta akaacha masomo. Mwaka 1921, Havana, alimshinda Emanuel Lasker michezo 4, sare 10, bila kushindwa hata mmoja, akawa bingwa wa dunia. Tangu 1916 hadi 1924 hakushindwa mchezo wowote wa mashindano.

Mwaka huo huo wa 1921 alitoa kitabu chake cha mafunzo ya msingi. Huanza na mwisho wa mchezo: kete chache tu ubaoni, mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake. Nami nawaanzisha watoto hivyo hivyo. Mtoto akipewa kete 32 kwa mara moja huchanganyikiwa na kuchoka. Akipewa tatu, ataona kila moja ina kazi gani.

Sasa nawageukia vijana. Mwaka 1927, Buenos Aires, Capablanca alikutana na Alexander Alekhine, ambaye hakuwa amewahi kumshinda hata mara moja. Alekhine alikuwa ameichambua michezo ya bingwa mmoja mmoja, akitafuta udhaifu. Capablanca alitegemea kipaji. Walicheza michezo 34; Alekhine alishinda 6, akashindwa 3, na 25 ikawa sare. Taji likaondoka, na pambano la marudiano halikufanyika kamwe.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1936 alishika nafasi ya kwanza Moscow, na Nottingham akalingana na Mikhail Botvinnik kileleni. Alifariki New York tarehe 8 Machi, 1942, akiwa na miaka 53, akazikwa Havana.

Katika kila darasa yupo kijana anayefahamu somo kabla mwalimu hajafuta ubao. Husifiwa mpaka akadhani kusoma usiku ni kazi ya wengine. Huyo ndiye ninayemwandikia. Kipaji kilimfikisha Capablanca kwenye taji, lakini kumlindia taji hilo hakikuweza.

Wazee wenzangu, mkija kwenye mkutano wetu, njooni na ubao mmoja mmoja muwaachie vijana. Na kabla ya kuondoka, kaeni mcheze nao.